Utarudisha Ukikua

Mbarak, mdogo wangu,

Jiwe la Nuru limepotea. Lilipotea siku ya hitima ya arubaini ya mama, baina ya Alasiri na Magharibi, chumbani mwake ghorofani, na mtu wa mwisho kutoka chumba hicho ni wewe. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa makusudi, maana nakujua. Ningeanza na salamu ungesoma salamu, ukasema "dada hajambo," ukaikunja barua ukaitia mfukoni mwa kanzu, na kanzu ikaenda kwa dobi.

Sasa salamu. Assalamu alaykum, wewe na watu wote wa nyumba. U hali gani? Mguu ulioteguka ngazini umepona, au bado wapanda kama kaa, ubavu mbele? Mkeo Zuhura hajambo? Watoto je? Na roshani, imeshika mvua hizi, au yavuja tena pembe ileile? Mimi mwili wangu ni mzima. Ya moyo utayasoma.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu karatasi haifutiki kwa kidole. Ujumbe wangu wa simu umeusoma wote, alama zake naziona, na nikipiga hupokei. Kwa hiyo bahasha hii nimempa Bi Aisha wa Liwatoni, yule mama aliyekuja huku kumlea bintiye aliyejifungua. Arudi Jumanne. Nimemwambia akutilie mkononi, akae kitako, asinywe hata kahawa mpaka aione imefunguliwa. Kama yuko mbele yako sasa, mpe kahawa yake, masikini, kisha uendelee kusoma.

Huku Uingereza baridi imeingia. Duka ni lilelile, mlango mmoja na dirisha moja, chini ya chumba ninacholala. Watu wa huku hawashonewi nguo, hurekebishiwa: huyu suruali imemzidi, huyu zipu imekufa, yule amenenepa na anataka nafasi bila mtu kujua. Nilianza na cherehani ya kuazima jikoni mwa watu. Leo ninazo tatu na jina langu liko juu ya mlango. Lakini msichana niliyemwajiri ameolewa mji mwingine, hivyo nashona peke yangu, nala nimesimama, na vidole vimepasuka kwa baridi hata uzi hunasa kwenye nyufa. Sikuambii ili unionee huruma. Nakwambia ujue kwamba anayekuandikia ni mtu mwenye kazi, si mtu aliyekaa kutwa akizua mambo.

Ufuo wa mji huu hauna mchanga. Ni mawe matupu, ya mviringo, ya kijivu na kahawia, kutoka mwisho mmoja wa macho hadi wa pili. Wimbi likirudi huyaburura yakalia kama mchele unaopepetwa ungoni. Kila asubuhi napita pale kabla ya kufungua duka. Siyatafuti. Lakini macho yaliyofunzwa na mama hayana likizo: nikiinama kufunga kiatu, kopa, nikikwepa mbwa wa mtu, kopa. Bonde juu, mashavu mawili, ncha chini, umbo la moyo kama aliyokuwa akiyaokota mama. Nikaanza kuyatia mfukoni, nikayapanga mezani karibu na kisahani cha pini.

Mzee mmoja mteja wangu, aliyefiwa na mkewe mwaka huu, alilishika moja akaligeuza geuza. Nikajisikia namwambia maneno ya mama kwa Kiingereza changu, "Chukua. Utarudisha ukikua." Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kisha akalitia mfukoni, akatoka, na suruali aliyoifuata akaiacha mezani.

Basi hapo nikajua mama hajaniacha. Na sasa nikueleze ninachokisikia, na usimwambie mtu kwamba Rukia ameingiwa na wazimu wa baridi.

Wakumbuka mama alivyokuwa jioni. Saa kumi na moja, Alasiri imeshapita, jiko halijawashwa, aliingia chumbani, akatia mkono kwenye lile bakuli kubwa la kauri, akaliinua jiwe la marehemu ndugu yetu Nuru, akaliachia juu ya mengine. Ta. Mara moja tu. Kisha akatoka kuendelea na shughuli zake kama mtu aliyehakikisha mlango umefungwa. Miaka yote hiyo hatukumuuliza, na wewe ulikuwa ukimuiga, ukipiga ulimi, "ta," naye akikutupia ukuti wa fagio.

Tangu nirudi kutoka arubaini, sauti hiyo naisikia hapa dukani.

Mimi si mtu wa majini. Nilikihamisha kisahani cha pini. Nikazima friji siku nzima, maziwa yakaharibika. Nikamwita fundi wa mabomba, akagonga huku akagonga kule, akasema mabomba yangu ni mazima kuliko magoti yake, akachukua ujira wake akaenda. Nikasema ni lori la taka, maana sauti ilikuwa ikija saa tisa mchana, na lori nalo lina saa zake. Wakati huo tulikuwa nyuma yenu kwa saa mbili.

Mwisho wa mwezi wa kumi watu wa huku hurudisha saa zao nyuma. Tukawa nyuma yenu kwa saa tatu. Siku hiyo nikaingoja saa tisa. Kimya. Nikafurahi, Mbarak, nikajicheka peke yangu, nikajipikia chai ya tangawizi. Ndipo nikakumbuka kwamba mapema kidogo, nilipokuwa nimeinamia pindo la gauni, niliona kama kifungo kimeanguka, nikakitafuta sakafuni nisikione. Kesho yake nikaiweka saa mbele yangu. Saa nane kamili. Ta.

Hesabu wewe mwenyewe. Lori la taka, friji, mabomba na majirani wangu wote hufuata saa ya Uingereza. Sauti ile yafuata saa ya Mombasa.

Na baada ya sala ya Alfajiri, nikijilaza kidogo kabla ya kazi, mama huja. Hanifokei. Ningependa anifokee. Hukunjua kiganja tu, hivi, kama anayengoja kutiliwa chumvi. Mimi nikatia mkono mfukoni nikatoa nilicho nacho: vifungo, chaki ya kupimia, funguo za duka. Huvitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kungoja. Nikiamka mkono wangu wa kulia huwa umefumba, na kucha zimeniachia alama.

Sasa turudi siku ya hitima. Mengine wayajua, lakini acha niyaandike, maana mtu akiandika huona vizuri.

Mama alizikwa mimi nikiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Sikumlaumu mtu; maiti haingoji tiketi. Nilikuja arubaini. Wanawake tulikuwa juu, wanaume chini barazani, pilau imeshapakuliwa, na mimi nimekaa chumbani mwa mama kwenye kitanda chake, nalitazama lile bakuli. Lilikuwa na jiwe moja tu, la Nuru. Mengine yote mama alikuwa ameshayagawa. Alikuwa akiyaokota ufuoni Kizingo chini ya mnara wa taa, akayaosha, akayaanika roshanini, akayapaka mafuta ya nazi mpaka yang'ae, kisha akampa kila aliyeona anahitaji. Bi harusi. Aliyeharibikiwa na mimba. Aliyefeli mtihani. Kila mmoja aliambiwa maneno yaleyale: "Hili nakukopesha. Utarudisha ukikua." Hata Ami Shee asiye na jino hata moja aliambiwa hivyo, akajibu, "Basi nianze kula mayai." Na yule fundi mawe aliyejaribu kumfurahisha kwa jiwe alilolichonga mwenyewe kwa tindo? Mama alilitazama, akamrudishia. "Hili limetahiriwa. Mimi nataka lililozaliwa hivyo."

Wa kwanza kupanda ngazi alikuwa Mzee Mutua wa reli, yule Mkamba aliyekuwa mteja wa mahamri ya mama tangu alipoletwa Mombasa kikazi. Mama alimpa jiwe wiki aliyomzika mkewe. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Akasimama mlangoni, akavua viatu bila kuambiwa.

"Mama Nuru aliniambia nirudishe nikikua," akasema. "Nina miaka sabini na miwili. Nafikiri sasa nimekua."

Shangazi Salama, na ulimi wake usiojua msiba, akamuuliza, "Umekua, au umezeeka?"

"Yote, Bi Salama. Yamekuja pamoja."

Akaliweka bakulini polepole, kama anayelaza mtoto. Nyuma yake akaja muuza samaki wa Liwatoni, akaja mwalimu, akaja yule bibi wa Kizingo aliyetafuta pa kuegesha gari mpaka chakula kikapoa. Hakuna aliyewaita. Hawakuwa wamepatana. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyekumbuka, na kila mmoja alipoliona bakuli lilivyojaa alishika mdomo. Chumba kikanuka mafuta ya nazi ya zamani. Watu wanalia, wanacheka, "nawe pia?" "nami pia!" Na kila anayeingia, "Mama Nuru, Mama Nuru."

Hapo palinichoma, na nitakwambia, kwani leo nimeamua kusema. Kifungua mimba wa nyumba ile ni mimi. Kwa desturi ya watu wote mama yetu ni Mama Rukia, na alikuwa Mama Rukia mpaka Nuru alipofariki. Siku ya tatu ya matanga aliwaambia majirani, "Tangu leo niiteni Mama Nuru, huyu hana mwengine wa kumtaja." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilielewa. Kuelewa hakuzuii kitu kuuma. Pesa nilizotuma za dawa, mabati, ada za wanao, hayo siyahesabu hapa. Mimi nisiyeacha kuhesabu hata vifungo, hayo siyahesabu. Lakini jina lile nililihesabu kila lilipotajwa.

Watu walipopungua nikayatoa mawe yote, nikayapanga kitandani. Sitini. Na la Nuru, sitini na moja. Nikacheka, kwa sababu ya babu na wahedi wa sitini yake: karata alizocheza barazani maisha yake yote, ambazo sitini ni suluhu, hakuna mshindi, na ile moja juu yake ndiyo ushindi. Nikayarudisha, la Nuru likiwa juu kabisa, jeusi peke yake juu ya meupe. Ndipo ulipoingia.

"Dada, wahesabu mawe?"

"Nahesabu."

"Na siku alizokuwa akikuulizia, hizo nazo umezihesabu?"

"Mbarak, leo si siku yake."

"Kwako haitakuwa siku yake kamwe. Wewe ulikuja na tiketi ya kurudi mkononi."

Nilishuka kugawa kahawa na halua, kwa kuwa ningebaki ningesema neno lisilorudi. Nilikuacha umesimama na mkono wako juu ya bakuli. Niliporudi, adhana ya Magharibi yaadhiniwa, bakuli lilikuwa jeupe lote. Nikahesabu mara mbili. Sitini. Suluhu. Nilipokuuliza ulisema, "Watu walikuwa wengi." Walikuwa wengi, ndiyo. Lakini watu wale waliingia na mawe, Mbarak. Hakuna aliyekuja kutoka nalo.

Nilisafiri na shaka hiyo. Nikasema labda ni mtoto, labda limeangukia nyuma ya kitanda, mtaliona mkipiga deki. Mpaka wiki iliyopita nilipozungumza na Zuhura. Aliniambia bila kujua anachoniambia. Chumba cha mama kimefungwa tangu nilipoondoka, ufunguo unao wewe. Siku hizi hulali vizuri. Na umekuwa ukiwauliza wavuvi wa Liwatoni bamvua ni lini, ili maji yakikupwa kabisa utembee mpaka ukingo wa mwamba kule Kizingo. "Yuasema ana amana ya baharini," Zuhura akaniambia. "Dada, ni amana gani hiyo?"

Mimi nilijua mara moja. Wataka kulirudisha jiwe mahali lilipookotwa. Na mahali pale sipo.

Mbarak, kaa chini. Bi Aisha akitaka kuaga mwambie angoje.

Hadithi uliyokua nayo ni hii: Nuru aliliokota ufuoni Kizingo, wimbi likamletea miguuni kama zawadi, akaliinua juu akasema bahari imempa moyo. Uliisikia kwa mama mara ngapi, nawe ukiwa umekaa mapajani? Umewahadithia wanao. Basi jiulize kitu kimoja ambacho fundi yeyote angejiuliza. Mawe ya ufuo wetu ni matumbawe, meupe, yana matundu kama mkate wa mofa. Jiwe la Nuru ni jeusi, zito, na kingo zake hazijasuguliwa na maji hata siku moja. Hilo si jiwe la bahari. Hilo ni kokoto ya bara.

Tuliliokota Tononoka. Mama alitutuma, mimi na Nuru, kumpelekea shangazi kaimati. Kando ya viwanja kulikuwa kumemwagwa rundo la kokoto za kujengea ukuta wa shule, na Nuru, unajua nini, hujui, acha nikuambie: Nuru alikuwa hawezi kuona kitu kilichorundikwa asikipande. Alipanda mpaka juu, akateleza, akashuka kwa makalio, na aliposimama alikuwa na jiwe lile mkononi na gauni limechanika nyuma. Jambo la kwanza alilosema si la moyo wala la bahari. Alisema, "Dada, nishonee kabla mama hajaona." Nilimshonea kwa shangazi. Ulikuwa mshono wangu wa kwanza wa kufichia.

Tuliporudi babu alikuwa barazani na wenzake, karata mkononi. Nuru akamwonyesha jiwe. Babu hakuinua hata macho. "Kopa hilo," akasema, kwa maana ya umbo, kama kopa wa karata aliyemshika. Nuru alikuwa na miaka saba, hakujua karata. Alijua kukopa tu, chumvi kwa jirani, kibiriti dukani.

"Nimelikopa kwa nani, babu?"

Wazee wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia babu, wajina wako, "Mjibu mjukuu, Bwana Mbarak, umemtia dhima!" Babu akatupa karata yake, akasema, "Kwa mwenyewe."

"Nitarudisha lini?"

"Ukikua, mwanangu. Utarudisha ukikua. Haya, nani anacheza?"

Ndiyo asili ya maneno yote yale. Neno la mtu anayetaka kuachwa acheze. Lakini Nuru alilichukua kama ahadi. Akalilaza chini ya mto, akaniambia mimi, si mwengine, "Dada, nikikua twende wote Tononoka, nikisahau unikumbushe." Mvua za mwaka huo hazikwisha kabla ya homa kumchukua. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama, umefungwa kwa leso, huna habari. Mama alikifumbua kiganja chake akalitoa jiwe.

Na Tononoka ilihamaje ikawa Kizingo? Mama ndiye aliyeihamisha. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwahadithia wageni, wimbi na zawadi na yote. Walipoondoka nikamwambia, "Mama, si tuliliokota kwenye rundo la kokoto?"

"Nyamaa," akasema. "Nani atakayelia akisikia kokoto?"

Nilipokuwa mkubwa nikataka kukwambia, akanikataza kabisa. "Usimharibie Mbarak. Wewe una Nuru mzima kichwani mwako, wamuona yuwacheka, wamuona yuwateleza. Yeye ana wimbi hilo tu." Nimelishika neno lake mpaka leo. Leo nalivunja, na najua ninachokuvunjia. Lakini angalia nilichokupa badala yake: gauni lililochanika makalioni. Wimbi lile ni la kila mtu aliyewahi kunywa chai nyumbani kwetu. Gauni lile lilikuwa langu peke yangu, na sasa ni letu wawili.

Mwezi mmoja kabla hajatutoka, mama alinipigia. Sauti ilikuwa ndogo, nikabana simu kwa bega huku nashona. Akasema, "Rukia, la Nuru ulirudishe wewe. Kwa mkono wako. Wapajua wewe peke yako." Nikasema, "Inshallah mama, tutakwenda sote." Akasema, "Ahidi." Nikaahidi. Siku ya hitima asubuhi, kabla watu hawajaja, nilikwenda Tononoka kumwamkia shangazi, nikapita pale. Kokoto zilikwisha zamani, zikawa ukuta, na ukuta ungali umesimama, rangi imebanduka. Chini, karibu na pembe, pana ufa. Nikautia kidole gumba. Wajua jicho langu kwa vipimo: jiwe la Nuru laingia pale kama kifungo katika tundu lake. Nilikusudia nilipeleke kesho yake. Kesho yake halikuwapo.

Hicho ndicho anachokidai mama. Kiganja kile hakidai pesa, hakidai nyumba. Vitu hivyo nami sikudai, chukua chumba, chukua ufunguo, kalia kitanda. Kuna mtoto aliyetoa ahadi akafa nayo, na mama aliyeishika kwa niaba yake akafa nayo, ikafika kwangu. Ukilitupa baharini haitafika popote tena. Nitakuwa nikiisikia saa nane za baridi na saa tisa za joto mpaka nami nizikwe.

Na kukuhukumu sitaki. Wewe ndiye uliyemwosha mama alipokuwa mgonjwa, ukamgeuza, ukamlisha. Jambo hilo ni kweli, na tiketi mkononi ni kweli, na nalikubali kwa maandishi. Labda ulilichukua ili nawe umfanyie Nuru kitu kimoja, wewe uliyemjua kwa kusikia. Au labda nawe wasikia. Zuhura asema hulali. Kama wasikia, unaweza kuniambia. Hakuna mwengine duniani atakayekuelewa ukisema "ta."

Langu mimi bado ninalo, lile alilonipa alfajiri niliyosafiri mara ya kwanza. Sikulirudisha bakulini siku ile na wengine. Mama hakupata kuniambia kwamba nimekua.

Nisalimie mkeo, wala usimfokee, hakujua analolisema. Nisalimie shangazi yetu wa Tononoka, mwambie zile dawa za magoti nimemtilia Bi Aisha. Nisalimie Mzee Mutua wa reli, na muuza kahawa wa pembeni kwetu anayeniita Mzungu mweusi, mwambie namsikia. Binti yako mkubwa mkoba wake wa shule nimeshaushona, una mifuko minne, mmoja wa siri. Wadogo wabusu.

Sasa nisikilize vizuri. Mwezi utaandama Jumamosi. Jumapili ni bamvua, na maji yatakupwa asubuhi, hilo nimelihesabu kama unavyolihesabu wewe. Bi Aisha atakuwa amekufikia Jumatano. Nataka jibu Ijumaa, kabla ya saa kumi na moja ya jioni, saa ya Mombasa. Kabla, si baada. Saa ile itakapofika nitakuwa nimekaa dukani, cherehani nimezizima, nasikiliza, na safari hii nataka nijue bakuli lile lashikwa na mkono wa nani. Usinijibu kwa kuliachia jiwe juu ya mengine ukadhani nitatosheka. Chukua simu. Usinisalimie, usiniulize baridi. Sema neno moja.

Jiwe la Nuru, Mbarak: unalo, au hunalo?

Dada yako, kifungua mimba wa Mama Nuru,
Rukia